Ubongo wa Mkalimani Anayezeeka

Wakalimani wa mikutano hutambua kuzeeka kwa ubongo mapema kuliko watu wa kazi nyingine nyingi, kwa sababu kazi yetu hupimwa kwa sekunde. Mwalimu akisahau jina la mwanafunzi atatabasamu na kuendelea na somo. Mhasibu akichelewa kukumbuka hesabu atafungua daftari. Mkalimani wa papo kwa papo hana nafasi hiyo. Anamsikiliza msemaji kupitia hedifoni, anaelewa, anageuza, anasema kwa lugha nyingine, na wakati huohuo sikio lake limeshaipokea sentensi inayofuata, huku yeye akiwa nyuma ya msemaji kwa sekunde chache tu. Sekunde moja ya ziada inatosha kumpotezea nusu ya hoja.

Kazi hiyo nimeifanya kwa sehemu kubwa ya maisha yangu mjini Arusha, mji wenye makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambako vikao havikauki. Niliendelea nayo hata nilipovuka miaka 60, umri ambao mtumishi wa umma nchini Tanzania hustaafu kwa lazima, kwa kuwa mkalimani wa kujitegemea hana mwajiri wa kumpa barua ya kuagana. Kwa hiyo nimepata fursa, ambayo wenzangu wengi walionyang'anywa kazi na kalenda hawakuipata, ya kuutazama ubongo wangu ukizeeka ukiwa kazini.

Kilichotangulia kuchelewa ni majina ya watu. Nilikuwa nikimjua vizuri waziri aliyetajwa, nchi yake, wizara yake, hata msimamo wake katika mkutano uliopita, lakini jina lake lilikataa kutoka, kisha likanijia wakati wa mapumziko ya chai, nilipokuwa silihitaji tena. Mwanasaikolojia Deborah Burke na wenzake walilichunguza jambo hili katika utafiti uliochapishwa mwaka 1991, na maelezo yao yananiridhisha mpaka leo. Maarifa juu ya mtu hayajafutika. Kilichodhoofika ni kiungo kati ya maarifa hayo na sauti za jina lake. Neno la kawaida limeshikamana na maana na mambo mengi, hivyo njia moja ikilegea zipo nyingine. Jina la mtu huning'inia kwenye kiungo kimoja, na ndiyo maana wazee wengi hulalamikia majina kabla ya kulalamikia jambo lingine lolote.

Baada ya majina zikafuata tarakimu. Msemaji akitaja fedha, asilimia na mwaka katika sentensi moja, nilianza kuona kwamba ya tatu inaisukuma nje ya kwanza. Katika kibanda cha wakalimani huwa tunakaa wawili na kupokezana kila baada ya dakika 20 au 30, na ni desturi kwamba anayepumzika humwandikia mwenzake tarakimu kwenye karatasi. Ujanani karatasi hiyo nilikuwa naipokea kwa adabu tu. Kuanzia umri wa miaka hamsini na kitu nilianza kuitafuta kwa macho.

Hata hivyo, kuna upande mwingine wa hesabu hii ambao vijana hawauoni, na wazee wenyewe huusahau kwa sababu ya hofu. Uwezo wangu wa kutabiri mwelekeo wa msemaji uliongezeka. Mjumbe anapoanza kwa kuwapongeza wenyeji kwa maneno marefu kupita kiasi, najua kwamba anakaribia kukataa jambo, hata kabla hajakaribia neno la kukataa, na sauti yangu inakuwa imekwisha kujiandaa. Mwaka 1963 Raymond Cattell alitenganisha akili ya aina mbili: ile inayotatua jambo jipya kwa wepesi, na ile iliyojengwa kwa maarifa na uzoefu. Uchunguzi wa muda mrefu ulioanzishwa na K. Warner Schaie mjini Seattle mwaka 1956, uliowafuata watu haohao kwa miongo mingi, ulionyesha kwamba mambo hayo hayashuki kwa pamoja. Kasi hushuka mapema. Msamiati na uelewa hudumu kwa muda mrefu zaidi. Nilipoyasoma hayo sikushangaa hata kidogo, kwa kuwa nilikuwa nimeyaona kazini, mkono wa kushoto ukipungua na wa kulia ukiongezeka.

Swali lililonisumbua ni sababu. Tulipokuwa shule tuliambiwa kwamba chembe za ubongo hufa kila siku na hazirudi, nami nikakua nikidhani kwamba uzee ni ghala linalomwagwa polepole. Picha hiyo si sahihi. Mwaka 1997 watafiti wa Copenhagen, Bente Pakkenberg na Hans Jørgen Gundersen, walihesabu seli za neva katika gamba la ubongo wa watu waliofariki bila ugonjwa wa ubongo, wakakuta kwamba tofauti kati ya umri wa miaka 20 na 90 ni takriban asilimia 10 tu. Lakini mwaka 2003 kundi la mji huohuo lilipima nyuzi zinazounganisha seli hizo, zile zilizofunikwa kwa utando wa mafuta uitwao mielini, na hapo hasara ilikuwa ya kutisha. Kwa mwanamume wa miaka 20, nyuzi hizo zikipangwa moja baada ya nyingine zilikadiriwa kufika kilomita 176,000; kwa mwenye miaka 80, kilomita 97,200. Kwa wanawake ni kutoka kilomita 149,000 hadi 82,000. Seli zimebaki karibu zote, ila karibu nusu ya urefu wa nyuzi imetoweka.

Sijawahi kusoma tarakimu zilizonieleza hali yangu vizuri kuliko hizo. Mielini ndiyo inayoipa ishara ya neva mwendo: katika uzi usio na utando huo ishara husafiri kwa mwendo wa mtu anayetembea, ilhali katika nyuzi nene zilizofunikwa za mwili hufikia zaidi ya mita 100 kwa sekunde. Tena utando huo hauzeeki kwa usawa. Sehemu za mbele za ubongo, zinazoshughulikia kupanga, kuchagua na kujizuia, ndizo zinazochelewa kukomaa, mpaka mtu akiwa katika miaka ya ishirini, na ndizo zinazotangulia kuchakaa. Kazi ya mkalimani hukalia hasa sehemu hizo.

Kuna jambo lingine ambalo kwa muda mrefu nililiona kama udhaifu wa tabia. Nilianza kusumbuliwa na vitu ambavyo zamani nilivifungia nje bila juhudi: mtu anayekohoa ukumbini, mwenzangu anayefunua karatasi, wazo la ada ya mjukuu linalopita katikati ya hotuba ya bajeti. Uchunguzi wa picha za ubongo unaeleza kwa nini. Ubongo hufanya kazi kwa mitandao, na kila mtandao una maeneo yake yanayowasiliana zaidi baina yao kuliko na maeneo ya nje. Mwaka 2014 Micaela Chan, Gagan Wig na wenzao walichapisha matokeo ya watu wa miaka 20 hadi 89, wakaonyesha kwamba mipaka hiyo hufifia kadiri umri unavyosonga: mawasiliano ya ndani ya mtandao hupungua, na yale ya kati ya mtandao na mtandao huongezeka. Walioonekana kuwa na mipaka iliyo wazi zaidi, katika umri wowote, walifanya vizuri zaidi katika majaribio ya kumbukumbu ya matukio. Anayejua vyumba vya mikutano ataelewa mara moja, kwa kuwa mitambo inapozeeka chaneli ya Kifaransa huanza kusikika kwa mbali ndani ya chaneli ya Kiingereza. Hakuna chaneli iliyozimika, ila hakuna iliyo safi.

Mtandao mmojawapo unahusika moja kwa moja na wazo la ada ya mjukuu. Marcus Raichle na wenzake waliueleza mwaka 2001 kama mtandao unaoamka mtu asipokuwa na kazi ya nje, anapozama katika mawazo yake mwenyewe. Kwa kijana, kazi inapoanza, mtandao huo hunyamaza. Kwa mzee hunyamaza kwa shida, na utafiti wa Jessica Andrews-Hanna na wenzake wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba hata mawasiliano kati ya sehemu yake ya mbele na ya nyuma hudhoofika kwa watu wazima wasio na ugonjwa wowote, na kwamba udhoofu huo huendana na alama za chini katika majaribio ya akili.

Mkalimani mwenzangu, kijana aliyesomea saikolojia kabla ya kuingia katika kazi hii, ndiye aliyenieleza habari za Roberto Cabeza, ambaye mwaka 2002 alionyesha kwamba kwa kazi ambayo kijana huifanya kwa upande mmoja wa sehemu ya mbele ya ubongo, wazee wanaofanya vizuri hutumia pande zote mbili. Aliniambia, "Mama, wewe unabeba kwa mikono miwili tunachobeba sisi kwa mkono mmoja." Ni maelezo yanayofariji, ingawa wapo wataalamu wanaoyapinga na kusema kwamba upande wa pili ni kelele tu. Mimi sina kipimo cha kuamua kati yao. Ninachokijua ni uchovu: zamu ambayo zamani niliitoka nikicheka, sasa natoka nikiwa nimechoka kama niliyelima, na uchovu huo unalingana zaidi na maelezo ya mikono miwili.

Nilipokwenda kwa daktari nilidhani kwamba tutazungumza juu ya kumbukumbu. Aliniuliza nafanya kazi gani, kisha akasema, "Mama, tuanze na masikio." Kipimo kilionyesha kwamba usikivu wangu wa sauti nyembamba ulikuwa umepungua kwa pande zote mbili, hali ya kawaida katika umri wangu na iliyozidishwa, kwa maoni yake, na miaka ya hedifoni. Sehemu ya kile nilichokuwa nikikiita ubongo kuchelewa ilikuwa ni sikio kuleta neno likiwa na mapengo. Ubongo hulazimika kuyaziba mapengo hayo kwa kubahatisha, na nguvu inayotumika kubahatisha hukatwa kutoka katika akiba ileile inayotakiwa kushika tarakimu. Niliporekebishiwa usikivu kwa vifaa vidogo vya masikioni, tarakimu hazikurudi zote, lakini zilirudi za kutosha nikaona tofauti ndani ya wiki chache.

Tangu hapo nimekuwa msumbufu wa jambo hili kwa kila mtu wa rika langu. Kamati ya jarida la tiba la The Lancet iliyochapisha taarifa yake mwaka 2024 iliorodhesha mambo 14 ambayo, yakirekebishwa, yangeweza kuzuia au kuchelewesha takriban asilimia 45 ya ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na upungufu wa kusikia ulikuwa miongoni mwa yaliyopewa uzito mkubwa zaidi. Haki inataka niseme kwamba jaribio kubwa la Marekani la mwaka 2023, lililowapa wazee wa miaka 70 hadi 84 vifaa vya kusikia na kuwafuatilia kwa miaka mitatu, halikuona faida kwa wote kwa ujumla. Faida ilionekana kwa kundi lililokuwa na hatari kubwa zaidi tangu mwanzo, ambalo kudidimia kwake kulipungua kwa karibu nusu. Kwetu, ambako familia humpigia mzee kelele mezani badala ya kumpeleka kupimwa, hata faida ya kundi moja si ndogo.

Jambo la pili alilolishika daktari ni presha. Nyuzi za ndani ya ubongo hulishwa na mishipa midogo sana ya damu, na shinikizo linapokuwa juu kwa miaka mingi mishipa hiyo hukakamaa, na nyuzi zinazoitegemea hufa vipande vipande bila maumivu wala dalili ya kiharusi. Mwaka 2019 jaribio la Marekani liitwalo SPRINT MIND, lenye watu zaidi ya 9,000 wa miaka 50 na kuendelea, lilionyesha kwamba kuishusha namba ya juu ya presha hadi chini ya 120, badala ya kuridhika na chini ya 140, kulipunguza udhaifu wa awali wa akili kwa asilimia 19, na picha za baadhi yao zikaonyesha kwamba madoa katika nyuzi nyeupe, zile zenye mielini, yaliongezeka polepole zaidi. Mimi namba yangu nilikuwa naijua kwa kubahatisha. Sasa kipimo kipo kando ya kitanda, na dawa nazimeza hata siku ninayojisikia mzima, kwa sababu presha haina desturi ya kujitambulisha.

Haya yote ni habari za uzee wa kawaida, na nisingepata kujua mpaka wake uko wapi kama si kaka yangu mkubwa. Yeye hakuondoka Machame. Alilima kahawa na migomba mpaka alipovuka miaka themanini. Ilipofika siku akauliza jambo moja mara kadhaa katika mlo mmoja, na baadaye akapotea njia ya shamba alilolilima tangu ujana, majirani walisema ni uzee tu, na wengine walisema maneno mabaya zaidi. Wilaya yetu ya Hai, kwa bahati, ni miongoni mwa maeneo machache ya Afrika ambako ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu umehesabiwa kijiji kwa kijiji: utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikadiria kwamba unawapata takriban asilimia 6 ya watu wenye miaka 70 na zaidi. Hapohapo Hai ndipo lilipotengenezwa jaribio fupi liitwalo IDEA, lililochapishwa mwaka 2014, kwa ajili ya wazee ambao hawakupata shule. Majaribio ya Ulaya humwagiza mzee achore saa au asome sentensi, na asiyewahi kushika kalamu huonekana mgonjwa hata kama ana akili timamu. Hili hutumia maneno kumi ya kusikiliza na kuyakumbuka baadaye, majina ya wanyama, siku ya juma, kiongozi wa kijiji, maana ya daraja la kuvukia, na umbo la kupangwa kwa njiti za kibiriti.

Nilikuwapo kaka alipofanyiwa. Alimwita mhudumu "mwanangu" na kumjibu kwa heshima zote. Maana ya daraja aliieleza kwa ufasaha kuliko ambavyo ningeieleza mimi. Kiongozi wa kijiji alimtaja mtu aliyekwisha kufariki. Njiti za kibiriti alizishika, akazitazama, akazirudisha mezani. Maneno kumi, yalipoulizwa baadaye, hakukumbuka hata moja, na lililonigusa zaidi ni kwamba hakukumbuka kuwa aliwahi kusomewa maneno yoyote. Hapo ndipo nilipoiona tofauti kati yetu kwa macho. Kwangu jina huchelewa, lakini nikitajiwa herufi ya kwanza huja, na nikilisikia nalitambua mara moja. Kitu kipo, njia ndiyo mbovu. Kwake tukio lenyewe halikuhifadhiwa, kwa sababu ugonjwa wa Alzheimer, ambao daktari aliutaja baadaye kwa upande wake, huanza kuharibu hipokampasi na maeneo ya jirani yanayopokea kumbukumbu mpya. Nawasihi watu wasiwachanganye wazee wa aina hizi mbili. Anayechelewa apewe muda wa kulimalizia neno lake mwenyewe. Asiyehifadhi apelekwe hospitali, na asikemewe kwa kurudia swali.

Watu huniambia kwamba lugha zangu nyingi zitanikinga. Ellen Bialystok na wenzake wa Toronto waliripoti mwaka 2007 kwamba wagonjwa waliozungumza lugha mbili walionyesha dalili takriban miaka minne baadaye kuliko wa lugha moja, na dai hilo limebishaniwa tangu hapo. Kwa hapa kwetu sioni namna ya kulipima. Kaka yangu alizungumza Kimachame nyumbani, Kiswahili sokoni na Kiingereza cha kutosha kwa maofisa wa kahawa. Huyo mwenye lugha moja wa kumlinganisha naye tungempata wapi? Michezo ya simu inayodai kunoa akili nayo nimeiacha, baada ya kugundua kwamba ilinifanya hodari wa michezo hiyo na si wa kitu kingine.

Kutembea sijaacha. Jaribio la Kirk Erickson na wenzake la mwaka 2011, lenye watu 120 wa miaka 55 hadi 80, liliwatembeza nusu yao kwa dakika 40 mara tatu kwa wiki kwa mwaka mzima, na hipokampasi zao zikaongezeka kwa asilimia 2, wakati za waliojinyoosha viungo tu zilipungua kwa asilimia 1.4. Mtu aliyezaliwa kwenye miteremko ya Machame hahitaji kushawishiwa sana.

Kazi bado naifanya, ila kwa masharti ambayo nayaandika kwenye mkataba. Hotuba zilizoandikwa ziletwe siku mbili kabla, pamoja na orodha ya washiriki, nipate kuyasema majina yote kwa sauti nyumbani. Jina lililotamkwa jana hutoka kwa urahisi leo. Zamu iwe ya dakika 20, si 30. Nipangwe na kijana, na kazi tunaigawa kwa asili yake: taarifa za fedha na takwimu anazichukua yeye, hotuba za wazee wa siasa, zenye methali, mafumbo na kukataa kwa upole, nazichukua mimi, na kila mmoja anamwandikia mwenzake anachokiweza. Tangu Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika (SADC) ilipokipokea Kiswahili kama lugha yake rasmi mwaka 2019, na Umoja wa Afrika ukakifanya lugha ya kazi mwaka 2022, vijana wengi wanaingia vibandani, kwa hiyo mpangilio huo hauna ugumu. Kilichobaki ni vikao vya usiku. Usingizi mzito hupungua sana uzeeni, na ukiukosa usiku mmoja, majina na tarakimu za kesho yake huponyoka tangu asubuhi. Kwa hiyo kikao kinachovuka saa mbili usiku namwachia mwingine, na mratibu huelezwa hivyo kabla sijasaini.